Namba za Jioni

Mzee wa pampu alikuwa na tabia ya kulaza sikio kwenye bomba kabla ya kujibu salamu ya mtu. Ungemkuta asubuhi pale kwenye kibanda cha injini, amepiga goti, kofia ameigeuza nyuma, sikio liko kwenye chuma baridi. Wewe umesimama na mzigo wako kichwani, unasema "Habari ya asubuhi, mzee," naye anainua kidole kimoja. Ngoja. Basi ungengoja. Akimaliza kusikiliza alichokuwa anasikiliza ndipo anasimama, anapangusa sikio kwa kiganja, na kukujibu kama ndio kwanza umefika. Wengine walisema ni kiburi. Mimi pia nilisema hivyo, na mengine mabaya zaidi, na nitayataja hapa yote kwa sababu nimezeeka na sina tena mtu wa kumwogopa.

Wajukuu wangu wananicheka kwamba siwezi kuvumilia mtu anayejaza fomu kwa kukisia. Nikimwona kijana anaandika saa aliyofika kazini na hajaitazama saa, mkono wangu unawasha, nataka kumpiga kofi. Wao wanadhani ni uzee. Si uzee, ni yule mzee. Nilimkosea kwa namba, namba ndogo za inchi na robo inchi, zilizoandikwa kwa penseli na mwandiko wangu mzuri wa shule ya misheni. Nikifa na hilo moyoni bila kulisema nitakuwa mpumbavu mara mbili.

Tulikuwa Dundori, kwenye shamba la mzungu mmoja, miaka ya hamsini katikati, siku zile za hali ya hatari, za pasi na kafyu. Watu waliokuwa wakikaa pale zamani walikuwa wamepakiwa kwenye malori na kuhamishwa, na sisi wa kutoka magharibi tukaletwa kujaza nyumba zao za laini, zile safu za vyumba vya wafanyakazi. Mume wangu aliendesha trakta. Mimi nilichuma pareto asubuhi, na nilikuwa na mtoto mmoja, Rispa, kwa hivyo kila mtu aliniita Mama Rispa. Mzee wa pampu tulimkuta. Nilipomwuliza ametoka wapi alisema ametoka kwa pampu nyingine, na hapo habari za ukoo wake zikaishia.

Pampu ilikuwa ng'ambo ya kilima, bondeni, ikivuta maji ya kisima kirefu kwa ajili ya ng'ombe wa maziwa na nyumba ya bwana. Sisi wa laini hatukupewa hata tone la maji yale. Sisi tulikuwa na chemchem yetu upande wa huku, chini ya mikaratusi, maji matamu yanayotoka kwenye mwamba na kujaa kidimbwi, na kando yake tulikuwa tumelima sukuma na nduma. Kilima kilizuia sauti ya injini isifike kwenye laini. Lakini ukishuka mpaka chemchem, pale kilima kinapokatika, uliisikia vizuri sana. Kumbukeni hilo, maana ndilo linaloniumiza zaidi.

Kila kitu kinachopanda na kushuka mzee alikiandika. Mvua aliiandika, kwa sababu mzungu alimpa mkebe wa kuipimia. Maziwa ya asubuhi na ya jioni aliwauliza watu wa ng'ombe, akaandika. Aliandika hata jino lake. Kwa miezi mingi aliweka alama siku jino lilipouma na siku baridi ilipokuwa kali, kwani tangu utotoni aliambiwa jino linaumwa na baridi, na alikuwa akitembea na kitambaa shavuni kama mama aliyejifungua juzi. Mwishowe akavipanga kando kwa kando, jino huku na baridi kule, akakuta hakuna anayemfuata mwenzake. "Havijuani," akasema, na siku ileile akavua kitambaa. Tulipomcheka alisema kitabu hakina mjomba, hakiwezi kukupendelea hata kama wewe ndiye uliyekinunua.

Mke wake alikuwa mama mpole ambaye siku moja katika juma alikuwa hakaribiki. Mwanamume mwingine angesema ni roho mbaya au ni mwezi. Mzee wetu aliandika. Akakuta hasira za mama hufika Ijumaa, na posho ya unga hugawiwa Jumamosi na kuisha Alhamisi. Kumbe hasira zilikuwa zinafuata unga, ila zilichelewa siku moja. Lakini hakusema neno bado. Kwanza alianza kujipunguzia ugali kwenye sahani yake kuanzia Jumanne, kimyakimya, hadi unga ukaweza kufika Jumamosi. Ijumaa zikatulia. Hapo ndipo alipotueleza, mbele ya mke wake, naye mama akamrushia mwiko.

Ilikuwa ndiyo imani yake hiyo, na aliirudia mpaka tukachoka. Alisema ukiona watu wawili barabarani wanatembea hatua moja, usiseme ni ndugu. Pengine wanakwenda soko moja tu. Ngoja mmoja asimame kufunga kiatu, utazame kama mwenzake atasimama. Akisimama wanajuana. Asiposimama ni njia tu iliyowakutanisha. Kanisani tulikuwa na wapiga ngoma wawili waliokuwa wakigombania nani anaongoza, na yeye ndiye aliyemaliza ubishi ule kwa kungoja Jumapili hadi Jumapili mpaka mmoja wao akashikwa na kwikwi. Ngoma ya mwenye kwikwi ilipojikwaa, ya pili nayo ikajikwaa nyuma yake. Kesi ikaisha. Na ajabu ni kwamba yeye mwenyewe hakuweza kupiga makofi sawasawa na watu. Mtu aliyesikia ngoma mbili ndani ya moja, mikono yake ilikuwa inafika mapema au inachelewa siku zote, na mimi nilikuwa nakaa nyuma yake nikiziba mdomo kwa kitambaa.

Alikuwa na maneno makali pia, msidhani alikuwa malaika. Alimwambia jirani yangu wa ukuta mmoja, mbele ya watu, kwamba mtoto wake ana kamasi kwa sababu mama mtu ni mvivu. Injini aliisemesha kwa upole kuliko alivyosemesha binadamu. Na kulikuwa na hili jambo ambalo wanawake hatukulielewa: yeye ndiye aliyetuambia anashuku pampu inakunywa chemchem yetu kwa chini, na yeye huyohuyo ndiye aliyeiwasha kila siku saa moja asubuhi na kuizima saa sita. Tulipomwuliza mbona basi anaiwasha, alijibu kwamba hawezi kuihukumu bila ushahidi, hata kama ni chuma.

Alichokuwa ameona ni hiki. Maji ya chemchem yalikuwa juu asubuhi, yanapungua mchana, na jioni yako chini kabisa, kisha usiku yanarudi. Pampu nayo ilivuta asubuhi na kulala usiku. Yalipanda na kushuka kama yanayoitikiana, ila chemchem ilichelewa kama saa tatu. Lakini mikaratusi nayo hunywa maji mchana jua likiwaka na kupumzika usiku. Sasa nani anakunywa, pampu au miti? Ukitazama tu huwezi kujua, kwa sababu wote wana saa ileile ya kula.

Lingebaki kuwa mchezo wake kama si habari za pampu mpya. Bwana alitaka kuleta injini kubwa ya kuvuta maji kutwa nzima, na kwa hiyo afisa wa maji alipaswa kuja kutoka mjini kukubali au kukataa. Mzee akaenda kwa bwana, kofia mkononi, akasema injini ile inaweza kukausha chemchem ya laini. Bwana alicheka. Lakini afisa alipopata habari alisema sawa, aletewe kitabu cha majuma sita, atazame. Basi chemchem yetu, na nduma zetu, na migongo ya wanawake wa laini nzima, vyote vikawekwa juu ya kitabu kimoja cha kurasa za mistari.

Mzee hakuweza kuwa kwenye pampu na kwenye chemchem kwa wakati mmoja. Akaja kwangu. Alichimbia gongo la mwerezi kwenye kidimbwi, amelichonga alama za inchi na robo, akaniomba nisome mara tatu kwa siku, asubuhi, saa sita na saa kumi na moja jioni, kabla ya saa ya kafyu. Alinichagua mimi kwa sababu nilikuwa mwanamke pekee wa laini aliyejua kuandika namba vizuri, na wacha niseme ukweli, kichwa kilinivimba. Akaniambia kwamba siku fulani atabadilisha saa za kuwasha pampu, amsimamishe mmoja afunge kiatu, lakini siku gani hataniambia. Nikamwuliza kwa nini anifiche. Akasema jicho likijua linachotafuta hulipata hata kama hakipo. Hakutaka nimsaidie, alitaka nisome tu.

Karibu majuma mawili nilisoma kwa bidii. Asubuhi inchi tisa, saa sita nane, jioni sita. Kesho yake vilevile. Keshokutwa vilevile, labda robo hapa na robo pale. Nikaanza kuona mzee ananisumbua bure. Mtu unajua sufuria yako inapikaje, kila siku ufunue kifuniko kwa nini?

Na wakati huohuo mke wa nyapara alipata cherehani. Alikuwa tayari kutufundisha wanawake wawili, mchana na jioni, na mimi nilikuwa wa kwanza. Nilitaka gauni la Krismasi, la buluu, lenye kola nyeupe, kama la mke wa mhubiri. Nilikuwa nimelitamani tangu nilipoolewa. Nyumba ya nyapara ilikuwa juu kabisa ya laini, na chemchem chini kabisa, na mteremko ulikuwa wa matope. Siku ya kwanza nilisema nitakwenda baadaye. Baadaye haikufika. Jioni nikakaa kitandani na kitabu, nikaandika. Ilikuwa rahisi kama kumumunya sukari: namba ya asubuhi ninayo, kwa kuwa asubuhi nilishuka kuchota maji hata hivyo. Kwa saa sita nikatoa moja. Kwa jioni nikatoa mbili zaidi.

Hivyo ndivyo nilivyofanya kuanzia Ijumaa ya juma la pili hadi Jumanne ya juma la tano. Asubuhi nilisoma kweli. Zilizobaki nilizisoma kichwani mwangu, huku mguu wangu ukikanyaga kanyagio la cherehani.

Katikati ya siku hizo, asubuhi moja, gongo likaonyesha inchi saba badala ya tisa. Nilishangaa kidogo. Nikasema moyoni kiangazi kinaingia. Nikaandika saba, na saa sita nikaandika sita, na jioni nne. Kwa siku kumi na nne asubuhi zikabaki kwenye saba, kisha siku moja zikarudi tisa, bila mvua. Sikujiuliza. Gauni lilikuwa limefika kwenye kola, na kola ina kazi. Lilipokwisha nikarudi chemchem mchana na jioni, nikakuta saa sita ni nane na jioni ni sita, kama vile nilivyozoea kuandika. Nikajipongeza. Nilisema ona, hata robo sikukosea.

Afisa alikuja siku ya Jumamosi. Walipanga meza chini ya mti karibu na zizi, bwana na afisa wakakaa, sisi watu wa laini tukasimama. Mimi nilivaa lile gauni. Ndiyo, lilelile. Nilitaka kuonekana, kwa maana namba zilikuwa zangu. Mzee aliweka kitabu changu upande huu na kitabu cha pampu upande ule, akaeleza kwa utaratibu kwamba katika juma la tatu na la nne alikuwa ameacha kuwasha asubuhi, akawa anawasha saa nane mchana mpaka giza likikaribia. Hapo ndipo nilipojua. Ningeshuka chemchem jioni moja tu, ningeisikia injini ikinguruma saa isiyo yake. Jasho lilinitoka ndani ya kola.

Afisa alifuatisha namba kwa kidole. Hakuwa mtu mbaya, nisimsingizie. Akasema pampu ilikuwa imelala asubuhi yote, na bado saa sita maji yameshuka, na jioni yameshuka zaidi, kama siku zote. Ni jua na miti. Mzee akamwonyesha asubuhi, jinsi zilivyoanguka asubuhi iliyofuata siku aliyobadilisha pampu, kwa kuwa maji hayakupata tena muda wa kutosha kurudi usiku, na kupanda asubuhi iliyofuata siku aliyoirudisha. Afisa akatazama mara mbili. Kisha akasema kwamba kitabu kimegawanyika, asubuhi zinavuta huku na jioni zinavuta kule, na kama jioni ni za kweli basi pampu haina hatia. Bwana akaingilia na Kiswahili chake cha shamba, "Mzee, wewe nasema pampu nakunywa. Sasa sema ndiyo ama hapana."

Mzee alichukua kitabu changu. Aligeuka kunitazama mimi, mbele ya watu wote.

"Mama Rispa, hizi namba za jioni. Umezisoma mwenyewe, kwa macho yako?"

Kulikuwa na nafasi pale. Ilikuwa pana ya kutosha mtu kupita. Nikamtazama mume wangu, nikawatazama wanawake waliokuwa wakiniona na gauni langu, nikafikiria mke wa nyapara atakavyosimulia.

"Nimezisoma mwenyewe, mzee."

Akaitika kwa kichwa, polepole, mara moja tu. Akamgeukia afisa, akasema basi yeye hawezi kuapa. Kitabu hakina mjomba. Akavikusanya vitabu vyake na kwenda kuzima pampu, kwa kuwa saa ilikuwa imefika.

Injini kubwa ililetwa kabla ya mvua. Kiangazi kilichofuata kidimbwi kilikuwa tope, na mwaka uliofuata hata tope halikuwepo, gongo la mwerezi lilisimama kwenye vumbi na alama zake zote nje. Nduma zikafa. Tukaanza kuteremka mtoni, mwendo wa zaidi ya saa moja na kupanda na debe kichwani. Jirani yangu wa ukuta mmoja, yule wa mtoto mwenye kamasi, aliteleza na debe lake kwenye mawe, mguu ukavunjika, na ulipounga uliunga vibaya. Kila Jumapili nilimwona akiingia kanisani akichechemea, na kila Jumapili nilimpisha kwenye benchi kwa adabu kubwa, akaniona mtu mwema.

Watu walimgeuka mzee. Walisema kwanza alituambia ni pampu, halafu mbele ya wazungu akasema hawezi kuapa, kwa hivyo lazima amelishwa kitu. Walimwita Ndimi Mbili. Akipita na kofia yake wanawake walikohoa. Nami nilikohoa. Andika hilo pia, wewe unayesoma: nilikohoa, na siku moja nilicheka kwa sauti. Mtu uliyemkosea unaweza kumchukia kuliko mtu aliyekukosea wewe, sijui Mungu alituumbaje.

Na yeye hakukohoa, hakununa. Alikuja kwangu kila baada ya muda na maswali ya ajabu. Je, siku zile ng'ombe waliingia kidimbwini saa sita? Je, kuna mtu aliyekuwa akifua pale jioni? Upepo ulitoka wapi? Nilidhani amenishuku na ananizungukia kama paka, kwa hiyo nikamjibu kwa mkato. Nilisema sikumbuki, mzee, nina kazi. Aliandika hata hilo, kwamba sikumbuki.

Mwisho wa miaka ile mume wangu alipata kazi ya udereva Lanet, tukahama. Siku moja akaja kututembelea yule jirani wa mguu, ameniletea viazi vya Dundori kwenye kikapu, amevibeba kwa mguu ule. Katika mazungumzo akasema mzee wa pampu ameacha kazi, injini kubwa imemla masikio, sasa anakaa na binti yake Nakuru, mtaa wa Bondeni, na akikutana na mtu yeyote wa laini huuliza habari za Mama Rispa. Nilimenya viazi vile sikuona ninachomenya. Juma lililofuata nikaenda.

Nilimkuta mchana, ameketi mlangoni kwenye safu ya vyumba, uani kuna wanawake kama watano wanafua. Miwani yake ilikuwa imefungwa kwa uzi. Alinitambua, akafurahi, akaniita niketi. Nilikuwa nimejipanga kusema polepole, kwa sauti ya chini, kama mtu anavyosema na mchungaji. Nikasema. Akaweka mkono sikioni.

"Sema kwa nguvu, mama. Sisikii."

Nikarudia. Hakusikia. Mara ya tatu nikasema kwa sauti ya kuita mtu ng'ambo ya bonde, kwamba namba za jioni hazikuwa za kweli, nilizitunga, nilikuwa nashona gauni. Uani maji yakaacha kumwagika. Wanawake wote watano walikuwa wameinua vichwa.

Mzee hakushtuka. Aliuliza kitu kimoja.

"Siku zipi?"

Akatoa kitabu changu kwenye sanduku chini ya kitanda, na rula, na penseli. Nikamtajia, kwa sauti ileile kubwa, Ijumaa ya juma la pili, Jumamosi, Jumapili, siku moja moja, saa sita na jioni, na kila nilipotaja alipitisha mstari. Hakuwa na haraka. Alipofika Jumanne ya juma la tano akauliza kuhusu asubuhi. Nikasema asubuhi ni za kweli zote, nilikuwa nachota maji. Akaweka kidole kwenye safu ya asubuhi, ile pekee iliyobaki, akaisoma kwa mdomo. Tisa. Tisa. Saba. Saba. Saba kasorobo. Mpaka ziliporudi tisa.

"Kwa hivyo ilikuwa inakunywa."

"Ilikuwa inakunywa, mzee."

"Na mimi nimeiwasha miaka minne."

Binti yake alileta chai, nikashika kikombe mpaka ikapoa. Mzee akaingiza mkono tena kwenye sanduku, akatoa kitabu kingine, kinene, ambacho sikuwahi kukiona. Akakifungua magotini mwangu. Juu ya kila ukurasa alikuwa amenakili namba zangu za jioni, zilezile za siku zile, na chini yake ameandika jambo ambalo pengine lilizifanya ziwe hivyo. Ng'ombe. Mikaratusi. Upepo wa kutoka ziwani. Mwezi. Mwamba wenye mfuko ndani yake unaojaa na kumwaga. Kurasa na kurasa. Kila moja ameijaribu, ameipanga kando kwa kando, na mwisho ameandika neno moja: havijuani.

"Hiki chote ni jioni zako," alisema. "Nilidhani kuna kitu cha tatu. Chukua, mimi nimemaliza."

Ninacho mpaka leo, kwenye kabati, chini ya mashuka. Nilikiweka kwenye kikapu changu, nikasimama, nikasema kwa nguvu ili asikie, "Kwaheri, mzee."

Akainua kidole kimoja. Ngoja.

Alikuwa ameinamia ile safu ya asubuhi tena, anaipitia upya kutoka juu. Nikangoja. Wanawake walimaliza kufua, wakaanika, wakaingia ndani mmoja mmoja bila kunitazama. Kidole chake kilikuwa bado juu. Niliposikia basi la Lanet linapiga honi barabarani niliondoka, na salamu yangu haijajibiwa.